Waliolinda Reli Mlimani

Katika mji mdogo wa North Conway, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, iko stesheni ya reli iliyojengwa mwaka 1874. Ina minara miwili, na nyuma yake lipo banda la injini pamoja na meza kubwa ya kuzigeuzia. Watalii huja kupiga picha, hukata tikiti, hupanda gari moshi la kizamani, wakatembezwa bondeni. Kampuni ya Boston and Maine ilikomesha magari ya abiria hapo mwaka 1961, watu walipokwisha kukimbilia motakaa. Mwaka 1974, stesheni ilipotimiza miaka mia, wapenzi wa reli wakaifufua.

Jengo ni zuri, hatukatai. Lakini ndugu msomaji, tufuatane mbele zaidi, tuupande Mto Saco hadi mahali milima inapobanana, panapoitwa Crawford Notch. Ndipo penye kazi yenyewe. Reli ilipita hapo mwaka 1875, na kutoka Bartlett hupanda futi 116 kwa kila maili, mteremko ambao injini moja yenye mzigo mzito haikuuweza; ilibidi nyingine isukume kwa nyuma. Njia hupita juu ya daraja refu la chuma liitwalo Frankenstein. (Jina hilo si la jitu la hadithi, bali la mchoraji aliyependa milima hiyo.)

Wasomaji wetu waliopata kufanya kazi kwenye reli watafahamu maana ya njia ya namna hiyo. Mawe huporomoka, theluji hufukia, na kila siku hapana budi mtu aitembelee kwa miguu au kwa kiberenge kabla gari halijapita. Kwa ajili hiyo ilijengwa nyumba ya wafanya kazi chini ya mlima Willard, kando ya reli, mbali na kijiji. Mwaka 1903 alihamia hapo mnyapara Loring Evans pamoja na mkewe, Hattie. Mwaka 1913 mnyapara huyo aliuawa kazini. Mjane akabaki na watoto wanne. Wengi wangerudi kwa jamaa zao. Yeye alikaa, akawapikia na kuwalaza wafanya kazi wa njia, akawalea watoto na kuwasomesha, hata mwaka 1942. Miaka karibu arobaini mlangoni mwa gari moshi!

Magari ya mizigo nayo yalikoma mwaka 1983. Kampuni haikuona faida tena, na reli ile ingeng'olewa au kumezwa na msitu. Serikali ya jimbo ndiyo iliyoinunua mwaka 1994, na mwaka uliofuata magari ya watalii yakaanza kuupanda mlima. Yafaa jambo hilo likumbukwe na wale wanaodhani kwamba mali ya namna hii hujihifadhi yenyewe.

Nyumba ya Bibi Evans haipo tena. Gari lipitapo, abiria huonyeshwa mahali iliposimama, na bustani ndogo ya kumkumbuka. Muda ni mfupi tu, kisha wote hugeukia dirisha la pili kutazama bonde. Nasi twaona kwamba hapo ndipo gari lingefaa kusimama kidogo, kuliko darajani.