Migomba ya Namna Moja

Wasomaji wetu wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa faida ya mgomba. Lakini twapenda kusema neno juu ya namna zake. Mgomba haupandwi kwa mbegu, bali kwa chipukizi la mama yake. Basi shamba la namna moja ni kama mgomba mmoja ulioenea. Ugonjwa uuwezao mmoja waweza yote.

Mnyauko ulionekana Masisi mwaka 2001, ukaenea Kivu Kaskazini. Huletwa na panga letu, tena na nyuki. Kwa namna kadha magamba ya ua dume hudondoka na kuacha jeraha, na bakteria hupita hapo. Kwa nyingine hayadondoki, nazo mara nyingi huepukana na madhara ya wadudu. Panga haliziachi. Kwa hiyo ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, na panga lipitishwe motoni.

Mchuuzi ataka mikungu inayofanana, wala hatumlaumu. Ada ya shule yatoka huko. Lakini mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yalipanda Gros Michel peke yake, ikaangamizwa na ugonjwa wa udongo, hata kufikia miaka ya 1960 ikaachwa. Wakapanda nini? Cavendish, peke yake tena! Kampuni yenye fedha huhamia ardhi nyingine. Mama wa Lubero mwenye shamba moja ahamie wapi?

Bibi yako angali na namna za kale nyuma ya nyumba. Mwombe machipukizi, ya shina lisiloumwa, kabla ya mvua.