Kuona mwangaza halafu kurudi: bongo inafanya nini?

Hii habari inajulikana ku mashimo yetu yote. Mutu anaangushwa na hewa mubaya, wenzake wanamuvuta juu na kamba, bamama wanaanza kilio. Kisha anafungua macho: « Nilionaka njia nyeusi, mwangaza kule mwisho, maumivu yote iliisha. » Wengine wanasema alifika kwa Mungu, wengine wanasema ni uloji. Sisi tuliuliza wanasayansi wanasema nini.

Kwanza, haiko ya kwetu peke. Mwaka 2001, munganga Pim van Lommel wa Uholanzi na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 344 wenye moyo ulisimama kisha ukarudi. 62 walikumbuka mambo ya namna hii. Wengi basi hawakukumbuka kitu!

Ile njia nyeusi, tuanze nayo. Damu ikipunguka ku jicho, pembeni ndiko kunazimika kwanza. Katikati kunabaki mwangaza. Marubani wa ndege za vita kule Marekani, wanaozungushwa kwa mashini mpaka kuzimia, wanaona vilevile, na wengine wanaota ndoto fupi, tamu. Nao hawakuwa wanakufa.

Kujiona kutoka juu? Mwaka 2002, ku Genève, munganga Olaf Blanke alitia umeme kidogo ndani ya bongo ya mwanamuke mmoja mgonjwa wa kifafa. Mama yule alijiona amelala ku kitanda, yeye akiwa juu.

Kuna pia gazi kaboniki. Ku Slovenia, mwaka 2010, walipima wagonjwa 52 wa moyo: wenye gazi hiyo nyingi katika damu ndio walikuwa na hadithi nyingi zaidi. Kila muchimbaji anajua shimo lisilo na hewa ya kutosha.

Ile amani kubwa, kwa maoni yetu, hakuna aliyeieleza vizuri bado. Na kama Mungu yuko kule mwisho, mashini haiwezi kupima.

Lakini kipimo cha mwaka 2023 kule Michigan kinatugusa sisi moja kwa moja. Kati ya wagonjwa 4 waliokuwa wakikata roho, bongo za 2 ziliwaka kwa nguvu hewa ilipokosekana. Mutu anayeonekana ameisha, bongo yake inaweza kuwa ingali inatumika. Njo maana kilio kingoje: akiwa hapumui, mikono miwili katikati ya kifua, kukaza kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwengine anakimbia kutafuta munganga. Na asishuke mutu mbio kumufuata mwenzake aliyeanguka: hewa iliyomuangusha ingali kule chini.