Ufagio kwa binti, shoka kwa kijana: Filamu inayowacheka wazazi

Megan ana miaka 17. Amelelewa Kikristo, ana rafiki wa kiume, na timu ya shule inapocheza yeye ni mmoja wa wasichana wanaoongoza ushangiliaji uwanjani. Siku moja anarudi nyumbani na kukuta wazazi, marafiki na mgeni mmoja wameketi sebuleni kama wazee wa baraza. Anaambiwa anavutiwa na wasichana wenzake. Ushahidi? Hali nyama, hafurahii kubusiwa na mpenzi wake, na ana picha ya mwanamuziki Melissa Etheridge.

Ndivyo inavyoanza But I'm a Cheerleader, filamu ya Marekani ya vichekesho vya kejeli iliyotoka mwaka 1999 chini ya mwongozaji Jamie Babbit. Megan, anayeigizwa na Natasha Lyonne, anapelekwa kwenye kambi ya miezi miwili 'akanyooshwe'.

Kambini wasichana wanavaa pinki, wavulana buluu. Wasichana wanafundishwa kusafisha nyumba na kumbadilisha mwanasesere nepi. Wavulana wanapasua kuni na kutengeneza gari. Mwalimu wao wa uanaume ni RuPaul, msanii aliyejipatia jina kwa kutumbuiza akiwa na gauni na wigi. Kama uanaume mtu anazaliwa nao, mbona unahitaji sare, ratiba na mwalimu?

Kisha kila kijana anaamriwa ataje chanzo cha 'tatizo' lake. Mmoja anasema mama yake aliolewa akiwa amevaa suruali. Megan anakumbuka kwamba baba yake aliwahi kukosa kazi na mama ndiye aliyelisha familia. Basi, chanzo kimepatikana! Baba aliyewahi kupunguzwa kazini, au mama anayelipa ada kwa faida ya genge, atacheka hapo, halafu atanyamaza kidogo.

Yupo pia Jan, msichana wa nywele fupi anayecheza softboli. Wote wana hakika naye kwa kumtazama tu, hadi anapolia na kusema kuwa yeye anapenda wavulana. Wakati huohuo mkuu wa kambi haoni yanayoonekana wazi kwa mwanawe wa kumzaa, anayefanya kazi palepale uani. Naye Megan, aliyeletwa ili asahau wasichana, anampendea humohumo kambini binti anayeitwa Graham.

Vituko vimetiwa chumvi, lakini kambi na vikundi vya aina hiyo vilikuwapo kweli. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilikuwa kimeondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya maradhi tangu 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo 1990. Hata hivyo wazazi waliendelea kutafuta tiba. Exodus International, kundi lililojulikana sana kwa kazi hiyo, lilifungwa mwaka 2013, na kiongozi wake, Alan Chambers, akawaomba radhi walioumizwa.

Filamu haiwachori wazazi wa Megan kama watu wabaya. Wanampenda binti yao, na ni kwa mapenzi hayohayo wanampeleka kambini. Lakini anapokataa kuendelea, hana kwa kurudi. Anapokewa na wanaume wawili waliowahi kupita kambi hiyohiyo. Kwa Graham mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa baba yake ametishia kumkana.

Wazazi wengi wana msimamo wao wa dini kuhusu jambo hili, na filamu ya saa moja na nusu haitaubadilisha. Swali lake kwao ni la karibu zaidi: binti akikataa kuwa vile mlivyotaka, usiku wa leo atalala wapi?

Mzazi ajue pia kwamba si filamu ya watoto wadogo. Ina matusi na mambo ya mapenzi, na Babbit alilazimika kukata baadhi ya vipande ili ipewe daraja linaloruhusu vijana kuiona wakiwa na mtu mzima.

Anayeitazama aifuate hadi mwisho kabisa. Hapo wanaonekana baba na mama yake Megan, wamekaa kwa aibu kwenye mkutano wa wazazi wenye watoto kama wao. Bado hawajui la kusema, lakini wamekuja.