Pikipiki ya Zamani Isipowaka: Tafuta Moto Kabla ya Kununua Spea



Asubuhi za Kesses ni za baridi na umande mwingi. Umekwisha kamua ng'ombe, maziwa yamo katika mkebe, na mkebe umefungwa juu ya pikipiki. Unapiga kiki mara moja, mara mbili, mara kumi, injini haiwaki. Maziwa yasiyopozwa huanza kuharibika baada ya saa chache, na kituo cha kupokea maziwa hakiwezi kukungoja.

Katika haraka hiyo wengi humwita fundi yeyote aliye karibu. Fundi asiye na hakika hubadilisha kitu baada ya kitu: leo plagi, kesho koili, keshokutwa waya. Mwenye pikipiki hulipia vyote, ingawa kilichoharibika kilikuwa kimoja tu. Na mara nyingine hakuna kilichoharibika, bali kofia ya plagi imelowa umande.

Basi kumbuka jambo hili: ifuate njia ya moto hatua kwa hatua, ukianza kwenye plagi na kurudi nyuma, wala usinunue kitu kabla ya kukipima.

JINSI MOTO UNAVYOFIKA KWENYE PLAGI

Katika pikipiki nyingi za zamani umeme hutoka katika magneto, iliyo chini ya kifuniko cha ubavuni mwa injini. Sumaku huzunguka karibu na nyaya zilizosokotwa, na umeme mdogo hupatikana. Platini, ambazo mafundi wengine huziita pointi, hufunguka kwa wakati wake na kuukata umeme huo. Hapo koili huugeuza uwe wenye nguvu nyingi sana, nao hupita katika waya wa plagi na kuruka pengo lililo kwenye ncha ya plagi. Kuruka huko ndiko cheche, na cheche ndiyo inayowasha petroli. Kondensa husaidia platini zisiungue.

Pikipiki za baadaye hazina platini. Mahali pake pana kisanduku kidogo kiitwacho CDI. Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1970, ilikuwa na platini hapo kwanza, na zilizofuata zikawekewa CDI. Kwa hiyo ujue kwanza yako ni ya namna gani.

KWANZA: NI PETROLI AU NI MOTO?

Hakikisha petroli imo na bomba la tangi limefunguliwa. Tazama swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani, maana watoto hupenda kuichezea. Kisha piga kiki mara kadhaa na uifungue plagi. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Shughulikia bomba na kabureta. Ikiwa imelowa petroli, petroli inafika lakini moto hakuna, au ni mdogo. Hapo endelea na hatua zifuatazo.

PILI: ISOME PLAGI

Rangi ya plagi hukueleza habari za injini. Rangi ya kahawia ni njema. Plagi nyeusi yenye mafuta mazito huonyesha kwamba oili ya injini inapanda, na hiyo si kazi ya umeme. Plagi nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, au choki imeachwa imefungwa.

Hili la masizi latuhusu sana sisi wa huku. Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa nchi za chini itatoa petroli kuliko inavyofaa, na plagi itachafuka upesi. Masizi yakirudi kila mara, mwambie fundi airekebishe kabureta; usinunue plagi mpya kila mwezi bure.

Safisha plagi kwa brashi ya waya na petroli kidogo, kisha uikaushe vizuri. Pima pengo lake. Kwa Honda CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ukikosa kipimo, tumia mgongo wa msumeno wa kukatia chuma, maana unene wake ni kama milimita 0.6. Usitumie upande wa meno.

TATU: ITAZAME CHECHE

Irudishe plagi katika kofia yake, ulaze chuma chake juu ya chuma cha injini mahali pasipo na rangi, mbali na tundu ilimotoka. Shika kofia kwa kitambaa kikavu, fungua swichi, upige kiki. Fanya hivi kivulini ili uone vizuri. Cheche ya buluu yenye sauti ni nzuri. Cheche nyembamba ya manjano ni dhaifu. Usipoona kitu, jaribu plagi nyingine iliyo nzima.

Bado hakuna? Kausha kofia kwa kitambaa, kisha uizungushe itoke kwenye waya. Shika waya kwa kibanio cha nguo cha mti mkavu, ncha yake iwe kama milimita 5 kutoka chuma cha injini, upige kiki tena. Cheche ikiruka, kofia ndiyo mbovu, nayo ni bei ndogo. Pengine ncha ya waya imeoza. Kata kipande kidogo kisha uizungushe kofia upya.

NNE: SWICHI NA NYAYA

Katika pikipiki za magneto, swichi huzima injini kwa kuupeleka umeme kwenye chuma cha pikipiki. Kwa hiyo waya wa swichi ukichubuka na kugusa chuma, ni sawa na kuizima injini daima. Tazama hasa chini ya tangi na penye shingo ya usukani, mahali nyaya zinapojikunja. Ng'oa waya wa swichi kwa muda, upime tena. Moto ukirudi, umeupata ubovu. Lakini jihadhari: waya huo ukiwa umeng'olewa, swichi haitaizima injini. Utaizima kwa kufunga petroli.

Ikiwa pikipiki yako hupata moto kutoka kwenye betri, tazama kwanza betri, fyuzi na vichwa vya betri vilivyoshika kutu.

TANO: PLATINI

Fungua kifuniko cha magneto. Platini zikiwa na uchafu au oili, zisugue polepole kwa msasa laini, kisha pitisha karatasi safi iliyochovywa petroli. Zungusha injini mpaka zifunguke kabisa, upime pengo. Kwa CG125 ni milimita 0.3 hadi 0.4. Zikiwa zimeungua na kufanya mashimo, na zikitoa cheche kubwa injini inapozunguka, shuku kondensa.

CDI haifunguliwi wala haisafishwi. Kaza viungo vya nyaya zake na uvikaushe. Kabla ya kununua, azima ya jirani mwenye pikipiki ya namna ile ile, ujaribu.

IKIFA NJIANI BAADA YA KUPATA JOTO

Pikipiki nyingine huwaka vizuri asubuhi, hufa baada ya kilomita chache, na huwaka tena ikipoa. Ikifa hivyo, pima cheche pale pale kabla haijapoa. Cheche ikiwa imepotea, shuku koili au kondensa. Mweleze fundi habari hiyo, nayo itampunguzia kazi na wewe gharama.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usivute sigara wala kuweka taa ya moto karibu unapofanya kazi hii. Usipime cheche karibu na petroli iliyomwagika. Usiache waya wa plagi ukining'inia hewani huku ukipiga kiki, maana umeme ukikosa njia waweza kuharibu koili au CDI. Usielekeze maji ya nguvu kwenye magneto unapoosha. Usiku iegeshe pikipiki penye paa.

Weka chini ya kiti plagi moja nzima, spana yake, kitambaa kikavu na kipande cha msasa. Nunua daftari la shule, uandike tarehe, ubovu ulioonekana na kilichouponya. Siku nyingine baridi ikikukuta na mkebe umejaa, fungua daftari hilo kwanza. Na fundi akikuambia koili imekufa, mwombe akuonyeshe cheche. Fundi mwema hatakasirika.