Waya Usiopata Moto: Sumaku za Baridi Kali na Kazi ya Wanafizikia Vijana



Ndugu wanafunzi pamoja na wazee wetu, walioishi Unguja mwaka 2008 hawajausahau. Mwishoni mwa Mei ilitokea hitilafu katika njia ya umeme inayotoka Ras Kiromoni hadi Fumba kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mmoja. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kubeba kwa ndoo, na watoto wakadurusu kwa kibatari. Jambo hilo likarudi Desemba 2009, na safari hiyo tulisubiri mpaka Machi 2010. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013.

Mwaka huo huo wa 2008, tarehe 19 Septemba, mashine kubwa kuliko zote duniani ya kuharakisha chembe, iliyoko CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, nayo ilisimama. Sababu yake ilikuwa kiungo kimoja tu cha waya. Jee, mashine hiyo ni ya nini, na kwa nini kiungo kimoja kiiangushe?

SUMAKU YA MSUMARI

Tuanze nyumbani. Chukua msumari, uuzungushie waya mwembamba wenye ganda, kisha unganisha ncha zake na betri moja ya tochi. Msumari utavuta pini. Hiyo ni sumaku ya umeme. (Usijaribu kabisa kwa umeme wa ukutani!) Baada ya muda mfupi gusa waya, utaona umepata moto. Sababu ni kwamba shaba huuzuia umeme kidogo unapopita. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, nacho hugeuza umeme kuwa joto. Kwenye pasi joto hilo ni faida. Kwenye sumaku ni hasara tupu.

Ama mashine ya CERN, hiyo huzungusha chembe ndogo ziitwazo protoni ndani ya njia ya duara yenye urefu wa kilomita 27, chini ya ardhi, kisha huzigonganisha ili wataalamu wajue maumbile yameundwa kwa vitu gani. Mtoto anayezungusha kombeo hulishika kwa kamba. Protoni hazina kamba, kwa hiyo hushikwa na sumaku. Kadiri zinavyokimbia kwa nguvu zaidi, ndivyo sumaku inavyotakiwa kuwa kali zaidi. Sumaku kuu za mashine hiyo ni 1,232, na ukali wake unapita mara laki moja ule wa sumaku ya ardhi inayogeuza dira ya nahodha. Waya wa shaba wa kawaida hauiwezi kazi hiyo.

BARIDI INAYOONDOA UKINZANI

Mwaka 1911 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu nyuzijoto 269 chini ya sifuri, akaona ukinzani wake umetoweka. Kitu chenye tabia hiyo huitwa superkondakta. Sumaku za CERN zimetengenezwa kwa waya wa namna hiyo, nazo huogeshwa katika heliamu ya majimaji, kwa baridi ya nyuzijoto 271 chini ya sifuri.

Siku ile ya Septemba kiungo baina ya sumaku mbili kilikuwa na ukinzani mdogo mno. Mdogo, lakini umeme uliopita ulikuwa mwingi. Kiungo kikapata joto, kikayeyuka, cheche ikatoboa chombo, na tani kadhaa za heliamu zikavuja. Sumaku 53 zikaondolewa ili zitengenezwe au zibadilishwe. Mashine ilirudi kazini Novemba 2009.

JOTO LA JUU LILILO BARIDI

Mwaka 1986 Bednorz na Müller, huko Uswisi, waligundua superkondakta za aina nyengine, zinazofanana na kauri. Mwaka 1987 ikapatikana inayofanya kazi katika nyuzijoto 180 chini ya sifuri. Wataalamu huziita "za joto la juu", na msomaji ana haki ya kucheka! Lakini kwa kazi hii hilo ni joto kweli, kwani naitrojeni ya majimaji, inayotokana na hewa hii tunayovuta na iliyo rahisi kuliko heliamu, inatosha kuzipoza. Sumaku kali sana bado huhitaji baridi zaidi ya hiyo, ila zinaweza kupita ukali wa zile za zamani, na umeme wa kuzipoza ukapungua.

Hapa ndipo wanafizikia wengi vijana wanapoanzia kazi. Kauri huvunjika kama kikombe, basi hupakwa juu ya utepe wa chuma mwembamba, mfano wa utepe wa kaseti. Kijana huuzungusha utepe huo kuwa sumaku, huutumbukiza katika baridi, huongeza umeme kidogo kidogo, na huandika kila kipimo. Anachokiogopa ni sehemu moja kupata joto na kupoteza ile hali. Katika tepe hizi joto husambaa polepole sana, kama moto unaofukuta chini ya makumbi: nje huoni kitu, ndani kunateketea. Ni lazima agundue na kukata umeme kabla utepe haujaungua. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kulinda kitu kidogo kwa subira, siku baada ya siku.

NJIA IKO WAPI?

Njia huanzia skuli, kwa hesabu na fizikia. Baada ya hapo kuna vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ipo pia Skuli ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza Stellenbosch mwaka 2010 na kufika Kigali mwaka 2016, ambako wanafunzi wa vyuo wa Afrika husomeshwa na wataalamu, wakiwemo wa CERN.

Wazee wetu, mtoto akiuliza kwa nini waya umepata moto, msimnyamazishe. Na wewe mwanafunzi, usidharau kosa dogo katika hesabu yako. Umeona kiungo kimoja kilivyosimamisha kilomita 27.

JIPIME
1. Ukinzani ni nini?
2. Kwa nini protoni zinahitaji sumaku ili zizunguke?
3. Kwa nini ni vigumu kuligundua joto katika tepe za kauri?

Wabillahi tawfiq.