Mistari Inapopinda: Sindano ya Jicho kwa Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi za mwambao, mzee anapoanza kulalamika kwamba haoni vyema, jibu huwa liko tayari: ni mtoto wa jicho, na angojewe akomae ndipo atolewe. Nusu ya kwanza ya jibu hilo mara nyingi ni sahihi, kwa kuwa mtoto wa jicho ndiye anayewapofusha wazee wengi zaidi katika nchi yetu. Nusu ya pili imepitwa na wakati, maana siku hizi hatolewi kwa kungojewa akomae. Lakini yako maradhi mengine ya uzeeni yanayojificha nyuma ya jibu hilo hilo, na hayo hayana subira. Familia inapokaa miezi mingi ikimngojea mtoto wa jicho, kumbe kinachoharibika ni kiwambo cha nyuma kabisa ya jicho, miezi hiyo hairudishiki kwa upasuaji wala kwa miwani.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni kuchakaa kwa makula kutokana na umri. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, uitwao retina, na katikati ya utando huo pana sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5, ambayo ndiyo makula. Sehemu hiyo ndiyo itupayo uoni wa makini: kusoma, kutia uzi katika tundu la sindano, kupambanua noti ya mia mbili na ya elfu, kuutambua uso wa anayebisha hodi. Sehemu nyingine zote za retina hutuonesha yaliyo pembeni. Ndiyo sababu mwenye ugonjwa huu haingii gizani moja kwa moja. Huweza kutembea nyumbani bila kujikwaa, akaiona punje ya mchele iliyoanguka kando ya mkeka, kisha asimtambue mjukuu aliyesimama mbele yake. Watu wasioelewa husema, "Huyu huona anapotaka." Neno hilo ni zito kwa mzazi, tena ni la dhuluma, kwa sababu anachokisema ndicho anachokiona: pembeni pako wazi, katikati pana doa.

Ugonjwa huu una sura mbili. Ule mkavu ndio wa wengi. Huenda polepole, kwa miaka. Ule wa majimaji huwapata wachache, yapata mmoja au wawili katika kila wagonjwa 10, lakini ndio uliowapokonya wengi uoni wao kwa ghafla. Katika sura hii ya pili, mishipa midogo ya damu isiyotakiwa huchipuka chini ya makula, na kwa kuwa kuta zake ni dhaifu, huvuja maji na damu. Makula huvimba, huinuka, na mwishowe huota kovu. Likishakuwa kovu, hakuna dawa ya kulirudisha kuwa jicho.

Yupo atakayesema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanywa Nakuru, ukawahusisha watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi na kuchapishwa mwaka 2013, ulionesha vingine. Miongoni mwa waliopigwa picha za nyuma ya jicho zikasomeka vyema, kama watu 11 katika kila 100 walikuwa na dalili za mwanzo, na mmoja hivi katika kila 100 alikuwa amefikia hatua za mwisho. Kila mtaa wenye wazee, basi, una wake.

Mama mmoja wa Mji wa Kale, ambaye amesomesha watoto chuoni kwa miaka mingi, alianza kuona mistari ya msahafu ikipinda katikati kama maji yanayopita juu ya jiwe. Kwanza aliulaumu msahafu, akanunua mwingine wenye hati kubwa. Kisha akailaumu taa. Kisha akabadilisha miwani. Siku alipopenyewa na unyasi katika jicho la kulia, akalifumba, ndipo alipogundua kwamba kwa jicho la kushoto pekee hawezi kulisoma neno lolote. Jicho zima lilikuwa likimsitiri mwenzake mgonjwa, kama ndugu anavyoficha deni la ndugu yake. Binti zake walimpeleka kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, na uharaka huo ndio uliomwokoa, kwani mishipa ilikuwa imeshavuja lakini kovu lilikuwa bado.

Mwaka 1989, mwanasayansi Napoleone Ferrara na wenzake huko Marekani waliibainisha protini inayoichochea mishipa ya damu kuchipuka. Ina kazi njema mwilini, lakini ikizidi katika jicho ndiyo inayoleta balaa tuliyoieleza. Ikatengenezwa dawa ya kuizima, iitwayo Avastin, ambayo mwaka 2004 iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Ndugu yake, Lucentis, alitengenezwa makusudi kwa ajili ya jicho na kuidhinishwa mwaka 2006. Eylea ikafuata mwaka 2011 na Vabysmo mwaka 2022. Kabla ya dawa za aina hii, daktari alikuwa na machache sana ya kumfanyia mgonjwa. Katika utafiti mkubwa wa Lucentis, wagonjwa kama 95 katika kila 100 waliotibiwa kwa mwaka mmoja waliuhifadhi uoni wao bila kushuka sana, ilhali kwa wasiopewa dawa walikuwa 62. Hadi theluthi moja ya waliotibiwa waliongeza uoni kwa kiwango cha mistari mitatu ya ubao wa herufi. Tunasisitiza: theluthi, si wote. Sindano hii kazi yake ya kwanza ni kukizuia kilichopo kisipotee, na anayeahidiwa macho ya ujana anadanganywa.

Tukifika hapa, wengi wetu hukunja nyuso. Sindano ndani ya jicho! Hofu hiyo ni ya kibinadamu, ila hili si jambo jipya kama tunavyodhani. Miaka elfu moja iliyopita, tabibu Ammar bin Ali al-Mawsili, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri, alikuwa akimtoa mtoto wa jicho kwa kumnyonya kwa sindano yenye tundu, na wala hakukuwa na ganzi ya leo. Ya leo ni nyepesi mno. Mgonjwa hulazwa chali, jicho hutiwa matone ya ganzi, likasafishwa kwa ayodini, kope zikazuiwa kwa kifaa kidogo zisifumbe. Daktari humwambia atazame upande mmoja, kisha hupitisha sindano nyembamba sana katika weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa duara jeusi. Dawa yenyewe ni tone moja tu, mililita 0.05. Kuchoma kwenyewe ni sekunde chache, na wengi waliodungwa hutuambia kwamba kilichowasumbua zaidi ni ule muwasho wa ayodini jioni yake. Jicho laweza kuwa jekundu mahali palipodungwa, au mtu akaona vidoto vikielea kwa siku moja mbili, hayo hupita.

Yasiyopita ndiyo ya kuogopewa. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoenea, mwanga unaochoma, au uoni unaoshuka katika siku zinazofuata ni dalili za maambukizi ndani ya jicho. Hutokea kwa nadra, chini ya mara moja katika sindano elfu, lakini likitokea mtu arudi hospitalini saa ile ile, hata iwe usiku. Matone ya dukani, asali au mafuta ya habasoda hayana mahali katika jicho lililodungwa, hata yakipendekezwa na jirani mwenye nia njema.

Mzigo hasa wa matibabu haya uko katika kurudiarudia. Kwa kawaida huanza kwa sindano moja kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha daktari hutazama picha za retina na kurefusha muda kidogo kidogo: wiki sita, nane, kumi, kadiri jicho linavyostahimili. Kwa wengi ni jambo la miaka. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mama huhisi nafuu baada ya sindano ya tatu, nauli ya kutoka Lamu au Malindi inauma, binti anayempeleka amechoka kuomba ruhusa kazini, basi miadi huachwa. Mishipa haijui kwamba tumechoka. Huanza tena kuvuja kimya kimya. Tungependa familia ziketi mapema, kabla ya sindano ya kwanza, na kugawana: nani analipa mwezi gani, nani anasindikiza. Tumezoea kuona mzigo wote ukimwangukia binti mmoja, yule asiyeolewa au anayeishi karibu, huku wana wa kiume wakituma salamu. Huo si mgawanyo wa haki.

Na gharama? Dawa hizi hazilingani bei hata kidogo. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya elfu moja na kuonesha kwamba, kwa kulinda uoni, Avastin ilifanya kazi sawa na Lucentis, ilhali dozi moja ya ya kwanza huko iligharimu kama dola 50 na ya pili kama dola 2,000. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza Avastin katika orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya jicho. Kwa hiyo daktari akikutajia ile ya bei nafuu, usidhani amekudharau. Na akikutajia ya ghali, una haki ya kuuliza kwa nini si hii. Ila pana tahadhari. Chupa ya Avastin ilikusudiwa wagonjwa wa saratani, hivyo hugawanywa katika sindano nyingi ndogo, na kugawanya huko kunataka usafi wa hali ya juu. Septemba 2023, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, makumi ya wagonjwa waliathirika macho baada ya kudungwa dawa iliyogawanywa vibaya. Ulizeni imegawanywa wapi na nani. Swali hilo si utovu wa adabu. Linawahusu pia wenye kisukari, ambao ni wengi katika jamii yetu, kwani uvimbe wa makula unaoletwa na sukari nao hutibiwa kwa dawa hizi hizi.

Akina mama hutuuliza kuhusu saumu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa mwambao, jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi la kufikia ndani ya mwili, na matone ya jicho hayafunguzi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, liliyataja matone ya jicho miongoni mwa yasiyobatilisha saumu, pamoja na sindano za tiba zisizokuwa za lishe zinazodungwa katika ngozi, misuli au mishipa. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake, lakini amwulize kabla ya miadi. Asiiache sindano ya Ramadhani kwa dhana tu. Kuhusu udhu, kuosha ndani ya jicho si sharti, basi uso uoshwe kwa upole jicho likiwa limefumbwa, na daktari aulizwe ni siku ngapi maji yasiliingie. Na wanja wa manga tunaoupenda uwekwe kando kwa siku hizo.

Liko jambo jingine ambalo halizungumzwi majumbani. Baadhi ya waliopoteza uoni wa katikati huanza kuona vitu visivyokuwepo: nyuso, watoto wadogo waliovaa vizuri, maua ukutani. Mzee hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa amepagawa au akili imemtoka, na akisema, hupelekwa kwa mganga. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliyaandika hayo hayo juu ya babu yake, aliyekuwa na akili timamu na macho mabovu, na hali hiyo sasa inabeba jina lake. Ubongo unaokosa habari kutoka machoni hujichorea picha wenyewe. Mwenye hali hii kwa kawaida hujua kwamba anachokiona si cha kweli. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba hana wazimu wala jini.

Wenye sura kavu hawapewi sindano hizi. Kwa walio katika hatua ya kati, vidonge maalumu vyenye vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini hupunguza uwezekano wa kufikia hatua mbaya kwa kama robo. Kwa mwenye macho mazima havina kazi hiyo. Sigara huuzidisha ugonjwa, na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua yumo hatarini zaidi.

Kwa kila aliyevuka miaka 50 nyumbani, chukueni karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba, mtie nukta nyeusi katikati. Ni kipimo alichokibuni daktari Marc Amsler wa Uswisi katika miaka ya 1940. Mzee avae miwani yake ya kusomea, aishike karatasi umbali wa kama sentimita 30, afumbe jicho moja, aitazame nukta bila kuhamisha jicho, kisha abadilishe. Mistari ikipinda, ikikatika, au miraba ikipotea katika jicho lolote, apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo, naye atanue mboni na kuitazama retina. Aliyekwisha kupata ugonjwa katika jicho moja alifanye jaribio hili kwa jicho la pili kila siku. Karatasi yaweza kubandikwa kwenye mlango wa friji, pale anapopita kila asubuhi akitafuta maziwa ya chai.