Kwa Nini Mtoto Haachi Gemu?

Mwezi huu tulipanga kuandika habari za masomo ya likizo, lakini tumeziweka pembeni kwa sababu ya jambo moja lililotufikia mlangoni. Jumamosi mama mmoja aliingia darasani kwetu, simu mkononi, machozi karibu. Akasema, "Ticha, hii kitu ilianza kula mtoto wangu, sasa imekula pesa ya nyumba." Kijana wake wa miaka 13 alikuwa ametoa shilingi 40,000 kwenye simu ya mama, kidogo kidogo, akimtumia kijana wa kibandani amnunulie wachezaji wa mpira. Wachezaji ambao hawapo! Ni picha tu ndani ya gemu. Mama alikuwa hajui hata kama kitu kama hicho kinauzwa.

Tulikaa naye mpaka jioni. Sisi walimu wa kujitolea wenyewe tunacheza, hatutawadanganya. Kwa hiyo hatukumwambia gemu ni shetani, wala hatukumwambia asiwe na wasiwasi. Tulimweleza jinsi gemu za mtandaoni zinavyotengenezwa, kwa sababu mtu akijua mtego umefungwa wapi anajua pa kupita. Tunayaandika hapa kwa ajili yenu wengine, wa hapa Nsambya, Katwe na Makindye, na ndugu zetu wa Nakivale na Kyaka II.

Jambo la kwanza ni ugumu. Katika gemu ya zamani, ile unayocheza peke yako, mtengenezaji ndiye anayeamua ugumu. Anaongeza maadui, anapunguza muda, basi. Lakini katika gemu ya mtandaoni ugumu ni mtu mwingine. Ukicheza na bingwa, gemu ni ngumu. Ukicheza na mtoto wa P2, gemu ni rahisi na inachosha. Hakuna namna ya kuwafurahisha wote kwa mara moja, kwa sababu mmoja akishinda, mwingine ameshindwa. Sasa watengenezaji wanafanya nini? Wanafanya kile ambacho watoto wetu wanafanya kila jioni kiwanjani. Mnajua wanavyogawana timu: wale wawili wakali hawachezi upande mmoja, wanakuwa manahodha, na kila mmoja anachagua kwa zamu. Yule mdogo kabisa anawekwa golini. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Wanajua kwamba mechi ya kumi kwa sifuri haina utamu hata kwa aliyeshinda.

Kompyuta inagawana timu kwa hesabu. Hesabu yenyewe ilitoka kwenye chesi. Profesa mmoja wa fizikia, Arpad Elo, mzaliwa wa Hungary aliyeishi Marekani, alitengeneza njia ya kumpa kila mchezaji namba. Chama cha chesi cha Marekani kiliichukua mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Ukimshinda mwenye namba kubwa kuliko yako, unapanda sana. Ukimshinda mdogo, unapanda kidogo tu. Wawili wenye namba sawa, kila mmoja anatazamiwa kupata nusu. Namba zikipishana 200, yule wa juu anatazamiwa kupata karibu pointi tatu katika kila mechi nne. Zikipishana 400, ni kama kumi kwa moja. Hapo si mchezo tena, ni kipigo.

Hapa Kampala tunaifahamu chesi kwa sababu ya Phiona Mutesi wa Katwe. Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa Katwe mwaka 2004, na kilichowavuta wengi mwanzoni kilikuwa bakuli la uji. Phiona alipofika, aliyemfundisha jinsi vipande vinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Baadaye alifika mashindano ya dunia, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu, Queen of Katwe. Wengi mmeiona kwenye vibanda. Sisi tunapenda ile sehemu ya msichana mdogo kuliko yote. Bingwa angemchosha na kumtisha. Mtoto aliyetangulia hatua mbili tu, huyo anafundisha.

Katika kikundi chetu tuna simu tatu na mbao mbili za chesi, na watoto wakipata bando wanacheza kwenye Lichess, ambayo ni bure kabisa na haina kitu cha kununua. Pale kila mgeni anaanza na 1500. Jamani, hiyo 1500 imetuliza watoto wengi! Mtoto anaingia, anaona namba kubwa, anafurahi. Mechi ya kwanza anapigwa, anashuka sana. Ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Baada ya siku mbili yuko 850 na anasema kompyuta inamchukia. Haimchukii. Inamtafuta. Mwanzoni haimjui, ndiyo maana inaweka alama ya kuuliza mbele ya namba yake na inamrusha mbali juu au chini. Ikishamjua, inamsogeza taratibu, na kuanzia hapo anakutana na watu wa kiasi chake na anaanza kushinda. Lakini nani atamweleza hayo mtoto wa miaka 10 aliyeshindwa mara saba mfululizo? Ni sisi. Siku hizi tunamwambia kabla hajaanza: "Utaanguka kwanza, halafu utafika chini pako, na hapo ndipo mchezo unaanza."

Gemu za biashara haziwaachi watoto waanguke hivyo. Michezo mingi ya risasi kwenye simu, mechi za kwanza inakujazia wachezaji wa bandia wanaoendeshwa na kompyuta. Wanakimbia ovyo, wanapiga pembeni. Mtoto anashinda, anajiona simba. Halafu pole pole wanaletwa watu wa kweli. Hatusemi ni uongo mbaya. Hata sisi darasani tunampa mtoto mgeni swali tunalojua atalipata. Tofauti ni kwamba sisi hatumuuzii kitu baadaye.

Hapo ndipo tunafika kwenye kupanda ngazi. Free Fire, ambayo Garena waliitoa mwaka 2017 na ambayo inaingia hata kwenye simu dhaifu, ina vyeo: shaba, fedha, dhahabu, platinamu, almasi na kuendelea. Mtoto anapanda wiki kwa wiki. Msimu ukiisha, cheo kinashushwa na kazi inaanza tena. Kuna zawadi ya kuingia leo, na ya kesho, na ukikosa siku moja umepitwa. Mzazi anaona mtoto hana adabu, kumbe mtoto anaona kama ameacha sufuria jikoni. Usipomwita saa ile mechi inapoisha, ukimwita katikati, atakujibu vibaya. Mechi moja ya Free Fire ni kama dakika 10. Tumejaribu kuwaambia "maliza hiyo, halafu weka chini", na ugomvi umepungua sana kuliko kunyang'anya simu.

Sasa pesa. Kwenye gemu za mpira, kama eFootball, timu yako inakuwa kali kwa kucheza sana au kwa kulipa, na mara nyingi unapolipa hujui utampata nani. Ni bahati nasibu. Unatoa pesa, pazia linafunguka, labda ni Messi, labda ni mtu hujawahi kumsikia. Nchi ya Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya namna hiyo ni kamari, na EA wakaacha kuuza pointi za FIFA huko kuanzia Januari 2019. Sisi tunakubaliana na Wabelgiji. Yule kijana wa shilingi 40,000 hakuwa mwizi wa tabia. Alikuwa anapigwa kila siku na wenye timu za kununua, na mizani ya mchezo ilikuwa imepindwa makusudi ili achoke kupigwa. Alitubia, na anamrudishia mama yake kwa kuchota maji. Lakini wazazi, badilisheni namba ya siri ya simu zenu leo. Si mwaka wenu wa kuzaliwa tena! Na kwenye duka la programu kuna sehemu ya kuweka kwamba kila ununuzi uombe neno la siri. Hamjui pa kubonyeza? Njooni, ni kazi ya dakika mbili.

Tuseme pia kwamba mizani inapinda bila mtu kukusudia. Intaneti ya Uganda inatufikia kupitia nyaya za baharini zinazoingia pwani, kama zile za SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka 2009, na kompyuta za gemu nyingi ziko mbali zaidi ng'ambo. Mtoto wa hapa anapiga risasi, mwenzake wa Ulaya ameshasogea. Anaambiwa hajui kucheza. Na bando linaisha katikati ya mechi, anahesabiwa ametoroka.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalioni: watoto hawachezi kwa sababu moja. Mwingereza mmoja, Richard Bartle, aliyetengeneza na mwenzake Roy Trubshaw gemu ya watu wengi huko Essex kuanzia mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji ni wa aina nne. Wapo wa kukusanya pointi na vyeo. Wapo wa kuchunguza ramani. Wapo wa kuongea na watu. Na wapo wanaotaka tu kumwangusha mwingine. Tulicheka, maana wote wanne tunao. Tuna msichana ambaye kwenye gemu ya vita hapigi mtu. Anaruka kutoka kwenye ndege, anatafuta nyumba yenye bustani, anaizunguka mpaka auawe. Wavulana wanamfukuza kwenye timu. Tulipompa simu acheze peke yake, alituchorea ramani yote kwa penseli, na barabara zake.

Na yuko kijana mwingine, ambaye mama yake alituambia hacheki, halali, yuko na simu tu. Tulimuuliza anapenda nini kwenye ile gemu. Akasema hapendi kitu. Alikuwa anacheza na binamu yake aliyebaki Goma, kila jioni, wawili timu moja. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilipotekwa, umeme na intaneti vilikatika, na jina la binamu likawa la kijivu kwenye orodha ya marafiki. Kijana alikuwa anaingia kila saa kuangalia kama limerudi kijani. Hakuwa anacheza. Alikuwa anangoja. Na sisi walimu, tuseme kweli, tulikuwa tumeshamwandika kwenye daftari kama mlevi wa gemu. Jina lilirudi baada ya wiki kadhaa. Wazazi, kabla ya kuvunja simu, ulizeni kwanza yuko na nani humo ndani.

Tukifikiria mizani hii ya ugumu na ngazi, tunakumbuka darasa. Watoto wetu wanaotoka Kongo wanafika wamesoma Kifaransa. Hapa masomo ni Kiingereza, kwa hiyo wengi wanashushwa. Kijana wa miaka 14, ndevu zinaanza, anakaa P4 na watoto wa miaka 9. Hesabu anaijua kuliko wote, lakini swali limeandikwa kwa Kiingereza. Gemu ingemjua ndani ya mechi kumi na kumpandisha. Darasani anaweza kungoja mwaka mzima, na wengine hawangoji, wanaacha wakaenda kubeba mizigo sokoni. Ndiyo maana Jumamosi sisi tunapanga vikundi upya kila baada ya wiki mbili, hesabu mbali, Kiingereza mbali. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza huku na wa mwisho kule. Kelele ni nyingi, daftari zinachanganyika, lakini waliokuwa wameacha, wawili wamerudi.

Kuna watoto wanaotuuliza kama mtu wa kambini anaweza kutengeneza gemu badala ya kuicheza tu. Anaweza. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kambini, kaskazini mwa Uganda hii hii. Aliona kompyuta kwa mara ya kwanza mahali pa kuandikisha wakimbizi. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za kumnunulia moja, na kijana alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alitengeneza gemu iitwayo Salaam, ambayo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita akitafuta maji na chakula. Baadaye alihamia Washington na mwaka 2018 alipewa tuzo kwenye The Game Awards. Hebu fikirini ugumu wa gemu yake ulipimwa na nani. Alijua mwenyewe mtu anachoka baada ya kutembea kiasi gani.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi saa nane mchana. Waleteni wasichana pia, ni wachache mno. Na yule mama wa shilingi 40,000 anakuja naye siku hizi. Kijana wake alimfundisha chesi. Namba yake ya Lichess ni 720, na juzi alituuliza kama lazima ailipie.